Isipokuwa Mifugo

Arlene Hruska na mimi tumegombana kuhusu kila kitu ambacho watu wawili wanaopendana wanaweza kugombania: chumvi kwenye viazi, padri mpya, paka alale ndani au nje, na nani kati yetu alianza kuzeeka. Kuhusu kutoa mimba hatukuwahi kugombana. Yeye alishasema lake miaka mingi iliyopita kwa kusimika bango uani kwake, likitazama barabara kuu, lenye picha ya kitoto kichanga na maneno kwamba uhai ni zawadi. Upepo wa Nebraska umelipiga bango hilo mpaka mtoto amepauka na kukunjamana, na siku hizi anafanana sana na diwani wetu, Delwin Sykora. Nilimwambia Arlene hivyo, akaninyima kahawa siku nzima.

Mimi bango sina. Nina matuta ya mchicha na midomo miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa hadharani. Watu wa hapa wananiita Bibi, wakiamini ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Nilipokuja kutoka Korogwe kulea watoto wa binti yangu, walisikia wale watoto wakiniita hivyo, basi wakaandika benki, wakaandika kanisani, mambo yakaisha. Nikifa wataliandika juu ya jiwe, na wajukuu wa dunia nzima watakuja kudai urithi. Binti yangu alishahamia mjini na watoto wake. Mimi nilibaki, kwa sababu ya mchicha na kwa sababu ya Arlene, ingawa Arlene haambiwi hilo.

Sasa mwezi wa tatu ulipofika, wakati ng'ombe wanazaa na wanaume wote wa kaunti wanatembea kama waliofufuliwa jana, Delwin alileta azimio mbele ya halmashauri. Delwin si mtu mbaya. Majira yote ya baridi hunikwangulia theluji mlangoni bila kuombwa. Ila alikuwa anagombea ubunge wa jimbo, na mtu anayegombea ni kama mtu mwenye homa, husema mambo ambayo akipona hayakumbuki. Azimio lenyewe hakuliandika yeye. Lilitoka mji mkuu, kwa watu wa kuvaa tai, ambao hutengeneza maazimio kama mama ntilie anavyotengeneza maandazi: unga mmoja, karai moja, wateja kila kaunti.

Lilisema fedha za kaunti zisitumike kwa dawa, chanjo, kipimo, ushauri wala usafiri wowote unaohusiana na abosheni ya aina yoyote. Na kila mtu alijua mshale umeelekezwa wapi. Ulielekezwa kwa Marvene.

Marvene ndiye nesi wa kliniki yetu, pale kati ya duka la vipuri vya matrekta na kinyozi. Mama wa miraba minne, sauti kama ya kuita mbuzi. Hapo kwake hatoi mimba ya mtu. Hana vyombo hivyo, na sheria ya jimbo ilivyo, hata angekuwa navyo vingekuwa vya kuwekea maua. Lakini kabatini ana vidonge kwa ajili ya wanawake ambao mimba zimewafia tumboni, na vidonge hivyo ndivyo vilevile vinavyogombaniwa kwenye televisheni. Juu ya hilo, lugha ya watu wa huku inawaponza. Sisi tuna mimba kutolewa, mimba kutoka, mimba kuharibika, na kila neno lina mlango wake. Wao, wakiingia kwa daktari, yote ni abosheni. Aliyeamua, abosheni. Aliyeangukiwa na bahati mbaya huku akiwa ameshachagua jina, abosheni. Nusu ya fedha za Marvene hutoka kaunti, na azimio likipita, mlango unafungwa.

Ingekuwa hayo tu ningekaa nyumbani nipalilie. Lakini kulikuwa na Jolene.

Jolene ni mjukuu wa Arlene, aliyelelewa na Arlene mwenyewe, msichana mwembamba anayecheka kabla hujamaliza utani. Ameolewa na kijana wa ng'ombe upande wa kaskazini. Mwezi ule alikuwa na mimba ya miezi mitano, na presha yake ilikuwa inapanda kama bei. Kila wiki Marvene alikuwa anampima, anampigia simu daktari wa mbali, wanabadilisha dawa. Hospitali yenyewe iko mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, na mwezi wa tatu barabara ile ni barafu juu ya tope juu ya barafu. Arlene alikuwa anajua hesabu hiyo. Kliniki ikifungwa, kila wiki Jolene angepita njia ile, au asingepita, na lolote kati ya hayo mawili lilimkosesha Arlene usingizi.

Na hapo ndipo alipokuwa amekwama, kwa sababu Delwin alikuwa amemwomba Arlene, mwenyekiti wa kina mama wa parokia, asimame mbele ya halmashauri aunge mkono azimio. Arlene alikubali papo hapo pale parokiani kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa za Kwaresima, mdomo umejaa, kabla hajajua lina nini ndani. Delwin akamletea na karatasi ya kusoma, imeshachapwa.

Siku tatu kabla ya kikao nilimkuta jikoni kwake anaoka kolachi, vile vimikate vya jamu katikati. Akiwa na wasiwasi huoka. Meza ilikuwa imejaa, viti vimejaa, na paka alikuwa anatazama tu asijue pa kukaa. Nikajua mambo ni mazito.

Akanisimulia. Jolene alikuja jana yake, amesikia habari za karatasi, akamwambia bibi yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Ile mimba iliyotangulia, ya pili kuharibika, ilifia tumboni ikakataa kutoka. Arlene alikuwa anajua imeharibika, alikuwa amewasha mishumaa na kusali. Hakujua kwamba Marvene ndiye aliyempa vidonge vya kuitoa, kwa amri ya daktari, kabla haijamharibia damu. Jolene alificha kwa sababu ya bango. Alifikiri bibi yake atamwona muuaji.

"Mtoto wangu mwenyewe, shoga," Arlene akasema, huku anaponda unga kama umemtukana. "Alikuja kuugua peke yake kwa kuogopa ubao wa uani kwangu."

Nikamwambia basi ung'oe. Akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

"Siung'oi. Naamini kilichoandikwa pale."

"Na karatasi ya Delwin?"

"Nilimpa neno langu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini tunapendana. Mwanamke huyu hawezi kuvunja ahadi hata ile aliyoitoa na samaki mdomoni. Nikala kolachi nne, nikamwacha na unga wake.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Kwa kawaida wanaokwenda kusikiliza halmashauri ni mimi, mzee mmoja anayefuata joto, na mbwa. Siku hiyo yalikuja magari kutoka mjini ya pande zote mbili. Wa upande mmoja walivaa fulana za buluu zenye miguu midogo ya mtoto. Wa upande wa pili walivaa za waridi zenye ngumi. Wote walikuwa na mabango mazuri kuliko yetu, na wote wakaniuliza mimi choo kiko wapi. Nikawaelekeza kwa mlango mmoja, nikasogeza kiti nitazame. Wakakutana kule ndani, wakatoka wamenuna, lakini niliona wa waridi akimshikia mwenzake wa buluu mlango, mazoea ya malezi.

Madiwani wetu ni watatu. Delwin alikuwa katikati, amechana nywele. Kulia kwake Milo Zabka, mwenye ng'ombe wengi kuliko watu wote hapa, amelala macho wazi kwa sababu usiku kucha alikuwa anazalisha mitamba. Kushoto mwalimu mmoja mstaafu ambaye hupiga kura kama mtu anavyovuka barabara, anaangalia kwanza wenzake wameelekea wapi.

Wageni wakasema kwanza. Kila mmoja dakika zake tatu. Bwana mmoja wa buluu akasema vidonge vile vina hatari kubwa, akataja daktari. Dada mmoja wa waridi akasema hatari yake ni ndogo kuliko ya kuzaa, akataja daktari mwingine. Ikawa zamu kwa zamu, kila upande na daktari wake na hesabu zake, na wote walizungumza juu ya vichwa vyetu, kama watu wanaogombania kiti na sisi tumekikalia. Marvene alikuwa amekaa ukutani, mikono imekunjwa, hakuna hata mgeni mmoja aliyemuuliza kitu.

Ndipo Delwin akaita wenyeji, na mimi nikainua mkono.

Mnielewe hapa. Kiingereza changu ni kama umeme wa kijijini, huja na kuondoka, ila swichi naishika mimi. Siku hiyo nilikizima kidogo.

"Bibi," Delwin akasema taratibu na kwa sauti kubwa, wanavyosemeshwa viziwi na wageni, "unaunga mkono au unapinga?"

"Mimi nauliza tu, mwanangu. Darasa langu ni la saba, na la Korogwe. Hili neno abosheni, ndilo lile daktari wa mifugo alilosema limeingia kwenye mitamba ya Milo mwaka jana?"

Milo akaamka.

"Hilo ni jambo jingine, Bibi," Delwin akasema.

"Neno jingine?"

"Neno ni hilohilo. Jambo ndilo jingine."

"Ahaa. Na hapo mmeandika jambo, au mmeandika neno?"

Watu wa nyuma wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha watu wenye adabu. Milo akavuta karatasi ya azimio, akavaa miwani, akaifuata kwa kidole kama anayetafuta kupe. Mjue kwamba kaunti yetu kila mwaka hulipa nusu ya chanjo na vipimo vya ng'ombe wanaotupa mimba. Zizi moja likiambukizwa, jirani anafuata, na hapa kila mtu ni jirani. Kabla ya majira ya kupandisha, wafugaji hupanga foleni kwa chanjo hiyo kuliko kwa ubatizo. Neno hilo hutajwa kwenye mazizi yao asubuhi na jioni, na ndiyo maana hakuna aliyelisikia lilipokuwa linasomwa.

"Delwin," Milo akasema, "hapa pameandikwa chanjo."

"Ni namna tu walivyoandika."

"Nakuuliza wewe. Chanjo ya abosheni uliyowahi kuiona maishani mwako isiyokuwa ya ng'ombe ni ipi?"

Delwin akaivuta karatasi kwake. Yeye mwenyewe ana mitamba mingi tu, na yeye mwenyewe alikuwa wa pili kwenye foleni mwaka jana. Nilimwonea huruma. Bwana wa buluu aliyemletea Delwin lile azimio alikuwa anatazama huku na huku, kwa maana mjini kwao ng'ombe huzaliwa akiwa ndani ya mkate. Na wale wa waridi nao walikuwa wameshusha mabango, hawajui washangilie au wangoje.

Delwin akachukua kalamu. Akaandika pembeni, akampa katibu, na katibu akasoma kwa sauti ile yake ya puani: fedha za kaunti zisitumike kwa dawa, chanjo, kipimo, ushauri wala usafiri wowote unaohusiana na abosheni ya aina yoyote, isipokuwa mifugo.

Wafugaji wakatikisa vichwa kwamba sasa imekaa sawa. Mimi nilikuwa bado nimesimama.

"Nina dakika zilizobaki?" nikauliza.

"Unazo, Bibi."

"Basi nina ombi dogo. Tuandikeni na sisi wanawake hapo kwenye mifugo. Malisho hatutadai."

Walicheka. Walicheka mpaka mbwa akainuka. Milo alivua miwani akapangusa macho, na hata Delwin mwenyewe alicheka kidogo kabla ya kukumbuka anagombea. Mtu mmoja tu hakucheka. Arlene alikuwa ameinuka safu ya pili, ana karatasi ya Delwin mkononi, na uso wake ulikuwa mweupe kama unga wake.

Delwin alipomwona akapumua. "Mama Hruska," akasema, "karibu. Huyu ndiye mwenyekiti wa kina mama wetu."

Arlene akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Nikajua hapo kwamba amevunja neno lake, na nikajua limemgharimu, kwa sababu alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Delwin," akasema, "mimi ndiye niliyekushika siku ya ubatizo wako, kwa hiyo utanisikiliza. Nilikuahidi nitasoma karatasi yako. Sitaisoma, na unisamehe. Bango langu liko palepale uani na halitoki. Lakini Jolene wangu amenipa ruhusa niseme. Mimba mbili zimemfia. Ya pili iligoma kutoka, na ingekaa ingemuua. Marvene alimpa vidonge. Ndiyo, hivyohivyo. Leo ana nyingine, presha inapanda, na anayemwangalia ni Marvene, si hao waliokuja na magari." Akamnyooshea Delwin kidole. "Mtamba wako akitupa ndama, humuulizi kama alikusudia. Unamwita daktari."

Dada mmoja wa waridi akapiga makofi, na mwenzake akainua simu kumpiga picha. Arlene akageuka.

"Acha, mwanangu. Mimi na wewe hatuko upande mmoja. Nimekuja kwa ajili ya kliniki."

Akakaa.

Milo ndiye aliyesema kwanza. Alisema azimio lirudishwe lilikotoka, likaandikwe na mtu aliyewahi kuona zizi, na fedha za kliniki ziendelee kama zilivyo mpaka mwakani. Mwalimu mstaafu akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona njia iko wazi upande wa Milo, akavuka. Delwin akasema yeye hapigi kura. Marvene akatoka nje bila kumuaga mtu, na tulipotoka tulimkuta nyuma ya jengo ameegemea ukuta, analia kwa sauti yake ileile ya kuita mbuzi.

Msidhani mambo yaliishia kwa vifijo. Jumapili iliyofuata kina mama wa parokia walimwomba Arlene apumzike uenyekiti. Waliomba kwa upole sana. Hapa watu hukufukuza na keki, na ilikuwa keki nzuri, ya ngazi tatu. Wawili kati yao hawamsalimii mpaka leo. Delwin alipita na gari lake mbele ya nyumba ya Arlene wiki nzima bila kuinua kidole kutoka kwenye usukani, na kwetu kutoinuliwa kidole ni kutukanwa. Na kutoka upande wa pili ikaja barua ya kumwalika Arlene akahutubie mjini, wakimwita jasiri. Aliitumia kuwashia jiko. Nilimwuliza kama amejuta. Akaniambia nimletee vyombo vyangu vitupu badala ya maswali, kwa sababu alikuwa ameanza kuoka tena.

Alhamisi ikafika, siku ya Jolene. Arlene akaendesha, jambo ambalo peke yake ni hatari kwa afya kuliko vidonge vyote vilivyotajwa kwenye kikao. Nilikaa nyuma nimefumba macho. Kliniki ilikuwa wazi, taa zinawaka, heta inanguruma. Marvene akamlaza Jolene, akamfunga mkono, akapampu, akasikiliza, akaandika. Presha ilikuwa imeshuka kidogo. Si sana. Kidogo, ya kuvumilika mpaka wiki nyingine. Jolene akacheka kabla hajaambiwa, kisha akashika mkono wa bibi yake.

Marvene akapaka mafuta tumboni, akachukua kile kifaa cha kusikilizia mtoto. Kabla hajakiweka, Arlene akasimama wima, mkoba kifuani, kama yuko mahakamani.

"Marvene, nakuuliza mbele ya Mungu na mbele ya Bibi. Lile jambo lingine, la aliyeamua, hapa hulifanyi?"

"Silifanyi, Arlene. Unajua silifanyi."

"Na ungekuwa unalifanya?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza," Marvene akasema. "Ningekuwa nalifanya, leo ungemleta?"

Nikamtazama Arlene. Alimwangalia Jolene pale kitandani, akaangalia dirishani, akaangalia kifaa kilichokuwa mkononi mwa Marvene. Marvene hakungoja. Akakiweka tumboni, akakizungusha, na chumba kikajaa mlio wa haraka haraka, kama farasi mdogo anayekimbia kwenye tope.

"Ongeza sauti," Arlene akasema.